Mita Moja na Nusu

Luce hakugeuka nyuma. Alijua Jerko yumo ndani ya lile gari jeusi, na alijua leo hatapigiwa honi.

Alikuwa amejipenyeza barabarani na baiskeli yake pale kwenye tanuri la mikate, mbele kabisa ya gari, kofia ngumu kichwani na fulana ya njano inayong'aa juu ya blauzi. Akashika mstari wake wa kulia, hayumbi. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bahari. Mpaka kilimani hapakuwa na pa kumpita.

Na kilimani ndiko alikotaka kufika, bila kuweka mguu chini hata mara moja. Amburute Jerko kwa mwendo wa bibi kizee, njia nzima, kijiji kizima kikitazama. Basi, hilo tu.

Kiangazi kilichopita Jerko alikuwa akiwapeleka watalii ufukweni mbio kwa basi lake dogo, akamchota Luce na baiskeli yake kwa kioo cha pembeni, akambamiza kwenye ukuta huu huu. Goti likatiwa chuma. Hospitalini hakuja. Alituma maneno: "Mwambieni Luce barabara ni ya wenye injini."

Leo Jerko alikuwa na dereva. Niko, mtoto wa jirani, suti nyeusi katika joto lile, akatoa kichwa dirishani.

"Shangazi Luce, sogea kidogo tupite."

"Una mita moja na nusu ya kunipitia? Ndiyo sheria ya kupita baiskeli."

"Nitaitoa wapi, na ukuta huu?"

"Basi nifuate."

"Shangazi, leo jamani. Tunasubiriwa huko juu."

"Jerko anasemaje?"

Niko akatupa jicho nyuma. "Hasemi kitu."

"Basi hana haraka. Haraka ni yako wewe."

Upepo wa bahari ukamwingia mikononi mwa blauzi. Misonobari ilinukia, nyenze walipiga kelele. Tangu aumie hakuwahi kuionja tena raha ya baiskeli, na sasa aliionja yote. Nyuma yake msururu wa magari ulikuwa umefungana mpaka gatini.

Mbele ya mkahawa, mhudumu akaweka sinia mezani, akasimama wima. Watalii waliokodi baiskeli wakajibana pembeni. Muuza tini akavua kofia. Luce akamwinulia mkono, kidevu juu.

Kilima kikaanza, na goti likaanza kuwaka. Akashusha gia. Baiskeli ikayumba.

"Teremka usukume, shangazi," Niko akasema kwa upole. "Nani atakucheka?"

"Nikiteremka, ameshinda yeye."

"Mbona huyu hashindani tena na mtu."

"Mimi nashindana. Tazama mbele, uendeshe."

Akakanyaga. Jasho likamwingia machoni. Akahesabu miti, kisha akaacha kuhesabu, akauma meno mpaka tairi la mbele likagusa lango la chuma. Hapo ndipo aliposhusha mguu.

Niko akazima injini, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma. Wanaume wanne wakatia mabega chini ya jeneza.

Mke wa Jerko akaja kwa miguu kutoka kwenye msururu, akainua shela nyeusi usoni.

"Asante, Luce," akasema. "Miaka thelathini nilimwomba aende pole hivi."