Visigino vya Sophie

Sophie alitoka kwa mlango wa jikoni alfajiri, viatu mkononi, bila hata kunawa uso. Viatu vyenyewe vilikuwa vyekundu, na Sunday fundi viatu alikuwa amevipigilia vizibo vya soda chini ya visigino. Ukivivaa kwenye saruji, mtaa mzima unajua uko wapi.

Ndiyo maana alivibeba.

Chumbani, Zedekia aligeuka kitandani. "Nani huyo?"

Kule jikoni, Night, mkewe, akaanza kukohoa. Alikohoa kile kikohozi kirefu cha kanisani, cha kufunika mambo, mpaka geti likafunguliwa na kufungwa.

"Ni mimi," akasema. "Unga wa muhogo umenipalia."

Zedekia alikuwa mzee wa kanisa pale Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, mtu wa kuvaa koti hata jua likichoma. Amani ya nyumba yake iliharibiwa na Sosthène, mkimbizi wa kutoka Beni aliyevuka mpaka na gitaa na shati moja. Siku moja Sosthène alimwonyesha Sophie kwenye simu wanawake wa Hispania wakicheza flamenko: wanapiga makofi, wanapiga visigino, wanalia kama wamefiwa, na uso umekunjwa kama wa mtu aliyeibiwa kuku.

"Hawa bamama beko nakasirika muzuri," Sophie alisema. "Mimi pia niko na hasira ya kutosha. Ilikuwa inakosa tu viatu."

Basi wakatunga wimbo. Mapigo ya flamenko, maneno ya Bwera: *Fungua mlango, mwenye nyumba, miguu yangu haijalala.* Sosthène akaurekodi kwa simu na kuutuma kwenye mashindano ya nyimbo ya kimataifa huko Hispania, kwa utani tu. Wahispania hawakujua utani. Wakajibu kwamba wimbo umeingia fainali, na Jumamosi uimbwe moja kwa moja mbele ya kamera, katika ukumbi wa hoteli mjini Kasese. Atakayeshinda atapandishwa ndege akauimbe kule kule.

Bwera ilipiga vigelegele. Zedekia alipiga meza.

"Kwangu hakuna mtu ataenda kurusha miguu mbele ya wazungu! Na yale magoti yake! Akianguka, atachekwa nani? Ni mimi, mzee wa kanisa!"

"Mukubwa, mimi niko nataka sauti yake tu," alisema Sosthène.

"Wote munaanzaga na sauti."

Sophie alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano. Nani alimuuliza habari ya magoti?"

"Daudi alikuwa mfalme."

"Na mimi niko nani?"

Zedekia akainuka. Akarekebisha koti lake. "Kasese hakuna kwenda. Basi."

Tangu siku hiyo alilala na ufunguo wa geti chini ya mto. Lakini si yeye anayetandika kitanda kile. Ni Night.

Alfajiri ile ya Jumamosi, gari la kubeba nyanya likawachukua, Sophie mbele na dereva, Sosthène amebanwa pembeni na gitaa lake. Njia nzima, wamepita mbuga, wamepita njia ya Katwe, Sophie hakusema neno. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani kwa sababu ya upepo.

"Uko unaogopa?" Sosthène akauliza.

Akatikisa kichwa.

"Basi imba kidogo, tusikie koo."

Akatikisa tena, akaangalia milima.

Ukumbi ulifurika. Watu wa Bwera walikuwepo, wa Nyamwamba, pale pale Kasese, walikuwepo, na wengine waliingia kwa sababu waliona wengine wanaingia. Ukutani, kwenye skrini kubwa, ilikuwa Hispania yenyewe: majaji watatu na chupa zao za maji. Sophie akapanda jukwaani na gauni jekundu la marinda, kipepeo cha kujipepea amekikunjua usoni, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Eee! Huyu amejifunza kabisa!" watu wakasema.

Sosthène akapiga gitaa. Visigino vikajibu, ta-ka-ta, ta-ka-ta, mpaka glasi za hoteli zikaanza kutembea mezani. Majaji wakaacha maji yao, wakasogea mbele. Halafu ikafika sehemu ya kuimba.

Kimya.

Kipepeo hakikushuka. Sosthène akarudia utangulizi. Kimya. Akarudia tena, jasho likimtiririka mpaka kwenye nyuzi. Jaji wa katikati akasema kitu, na mkalimani akageuka na sura ya msiba.

"Wanasema wanampa nafasi moja ya mwisho. Asipoimba, wanamwita mwingine."

"Imba! Imba!" ukumbi ukalia.

Sophie akakisogeza kipepeo karibu zaidi na uso. Machozi yakaonekana juu yake.

Hapo mlango ukagonga ukuta. Zedekia! Koti limejaa vumbi la bodaboda, macho mekundu, mkono mmoja umezama mfukoni. Watu wakampisha kama gari la polisi. Sosthène akainua gitaa, hajui kama ni la kupigia au la kujikingia.

"Usimpige, mzee!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

Zedekia akapanda jukwaani. Akapiga magoti mbele ya lile gauni, akatoa kitambaa mfukoni na kukifungua polepole.

"Mama," akasema akihema, "meno uliyaacha kwenye kikombe. Wajukuu wako wamekataa kunywa chai mpaka nikuletee."

Sophie akawapa Wahispania mgongo, akayapachika, na kipepeo kikashuka.