Anayeoshwa

Muuguzi aliwaeleza tena, polepole. Figo za Bi Rukia zimeshindwa kazi. Ama damu yake itolewe mkononi ioshwe kwa mashine hapa hospitalini, wiki baada ya wiki, ama awekewe maji ya dawa tumboni kwa mpira, nyumbani, kila siku.

“Ipi bora?” aliuliza Saumu, binti yake.

“Maji hayana safari, ila yanataka chumba safi. Uchafu ukiingia tumboni, unaua.”

Saumu alikiwaza chumba chao na kuku wanaolala uvunguni. “Basi mashine, mama.”

Bi Rukia alijifunika kanga mpaka usoni. “Mimi sioshwi. Anayeoshwa ni maiti.”

“Inaoshwa damu tu,” alisema muuguzi.

“Damu hiyo ya nani, ya jirani?”

Muuguzi alitaka kucheka, akaona midomo ya Saumu inatetemeka.

“Usipooshwa hapa, mama, nitakuja kukuosha mimi. Binti ndiye anayemuosha mama yake. Na mimi sitaweza. Wallahi sitaweza.”

Mkono wa Bi Rukia ukatoka chini ya kanga, mwembamba, ukanyooka juu ya shuka, kiganja juu, kama wa bibi harusi anayengoja hina.