Shingo ya Ganda la Risasi

Kitendawili: nina shingo na mabega, ila kichwa napachikwa siku ya kazi. Jibu ni ganda la risasi, na asubuhi ile mume wangu Delbert alikuwa ameshaharibu la tatu.

Kesho yake kulikuwa na mashindano ya shabaha. Shingo ya ganda lazima ikwanguliwe mpaka unene ulingane pande zote, la sivyo haliingii kwenye bunduki yake. Na mikono yake siku hizi inatetemeka.

"Basi siendi," akasema.

Mimi nilikuwa namenya matufaha ya pai. Ganda la tufaha liliteremka utepe mmoja mpaka magotini. Akalitazama weee, kisha akanisukumia kile kifaa chake cha kukwangulia shingo za maganda ya risasi, ambacho hata kukifuta vumbi alinikataza.

"Polepole, mke wangu. Si kiazi hicho."

"Nyamaza, mzee, usije ukanitetemesha na mimi."

Nikalizungusha ganda la risasi kwenye kifaa. Uzi wa shaba ukajikunja, mwembamba kama unywele wa kitoto kichanga, ukaangukia juu ya maganda ya matufaha.

Akaipima shingo, akaigeuza, akaipima tena. Akanisogezea ganda jingine la risasi. Akavuta bakuli langu la matufaha, akashika kisu.

"Polepole, mzee," nikamwambia. "Si kiazi hicho."