Mgeni wa Ngiri

Ngiri alikuwa na machimbo ya mawe, na ulimi mwepesi kuliko sululu. Siku jiwe lilipomvunja Punda mguu machimboni, sheria ya wanyama ilikuwa wazi: anayeumia kazini hulishwa na mwajiri wake mpaka apone.

"Mfanyakazi gani?" Ngiri alimwuliza Hakimu Kakakuona. "Huyu ni mgeni wangu tu. Kubeba mawe alijipendea mwenyewe."

Kakakuona akajikuna magamba. "Mgeni, ehe. Basi mila unaijua. Mgeni akiugua, mwenyeji humlaza kitandani mwake, humwogesha, na akibanwa na haja humbeba mgongoni mpaka chooni."

Ngiri akalitazama tumbo kubwa la Punda.

"Mheshimiwa, nimekumbuka! Ni mfanyakazi wangu, tena wa miaka saba!"

"Saba? Una hakika?"

"Naapa kwa meno yangu! Hajakosa kazini hata siku moja!"

Punda akageuza kichwa taratibu, akaonyesha upande usio na sikio.

"Basi, mheshimiwa," akasema, "sikio lilikatika hukohuko machimboni, mwaka wa pili. Mkia, mwaka wa tano."