Isale la Mwanga

Jioni ile Kaloleni, projekta ilikuwa ikirusha ukutani chochote ambacho mpita njia angechora kwenye simu yake. Mchoro ukiguswa kwa mkono pale ukutani ulibaki, usipoguswa ulififia.

Mbele ya Sia lilichomoza jani la isale, limefungwa fundo katikati. Mchaga akiletewa jani hilo na aliyemkosea, hakatai kusamehe.

Aligeuka. Kaka yake alisimama nyuma yake, simu mkononi. Walikuwa hawasemeshani tangu wamzike mama.

"Hiyo ni taa tu," Sia alisema. "Isale linakatwa shambani."

"La shambani nililileta, dada. Hukufungua geti."

Ncha ya jani ilianza kufifia, giza likashuka taratibu kuelekea kwenye fundo.

Sia akahamishia mkoba mkono wa kushoto, wa kulia akaunyoosha kuelekea ukutani.