Mrija Mmoja

Hewa ya Felician ilikatika ghafla, wakiwa chini kabisa ziwani, siku yao ya kwanza kuzamia na mtungi mgongoni. Alishika koo, akamgeukia shemeji yake.

Asubuhi ile ya mwaka sabini na nne, mzungu mvuvi wa samaki wa mapambo, aliyewapa kibarua cha kuzamia, aliwafundisha pale kisiwani: "Mmoja akiishiwa hewa, peaneni mpira wa mdomoni. Pumzi mbili wewe, mbili mwenzako, huku mnapanda polepole."

"Kama kupokezana mrija mmoja kwenye chungu cha pombe," shemeji alisema.

Felician alijifunga mtungi wake. Kwenye matanga ya dada yake, kule Titye, shemeji huyu alimpa mrija wake wa pombe mbele ya watu, naye akaukataa. "Sinywi na mtu aliyemwacha dada yangu afie ndani, na hospitali iko hapo Kasulu." Ndipo mama yake Felician alipowabebesha mashanta, akawaamuru watembee pamoja mpaka ziwani, wakirudi wawe wamepatana. Siku tatu kwa miguu, moja kwenye mashua ya tanga, na bado hawakuwa wamezungumza neno la maana.

Sasa shemeji aliuchomoa mpira kinywani mwake. Kabla ya kumpa Felician, aliifuta ncha yake kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfutia mkubwa wake mrija. Kufuta, ndani ya maji yote yale.

Felician aliudaka. Akavuta mara moja. Akavuta mara ya pili.

Shemeji alikuwa amekinga mkono, anasubiri.

Felician akavuta ya tatu.