Mpini Usioteleza

Mama amekata nyama kwenye bucha yake miaka thelathini. Visu vilipoanza kumponyoka, nililaumu mipini. Mimi ni fundi wa visu, ningelaumu nini kingine?

Wa mpingo ulikuwa mzuri, ila ukilowa unateleza. Wa pembe ulimchubua kiganja. Wa plastiki aliucheka: "Mwanangu, hiki ni kisu au mswaki?"

Leo nikamletea wa mninga. Nimeuchonga ukashiba katikati, ujae mkononi, nikauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikamwekea kisu mezani.

Alikichukua, akakibana kwa nguvu zake zote, uso ukamnawiri.

"Huu sasa ndio mpini. Hautelezi hata kidogo!"

Alikuwa ameshika makali.

"Mama, achia."

"Niachie nini? Si umenitengenezea mwenyewe?"

Damu ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hakuiona. Nilidaka mpini, naye akazidi kubana, huku akinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mteja mgeni.

"Fundi," akaniuliza, "mama yako bado yupo?"

Mimi nimeshika mpini, yeye makali, na sikuthubutu kuvuta.